Sauti ya Wifi Jikoni

Darasani tulimwita Shangazi kwa sababu alituzidi umri sote, na kwa sababu ukikosea alikuwa anakutazama juu ya miwani mpaka unajirekebisha mwenyewe. Kabla ya kuja chuo cha uuguzi alikuwa ameuza rangi za nyumba kwa miaka mingi. Wiki za mwanzo alikuwa akiinua mkono kujibu swali, tunaona rangi ya kijani imeganda pembeni mwa kucha zake.

Hakuja peke yake. Aliletwa kwa kuburutwa, kama alivyopenda kusema, na aliyemburuta ni wifi yake, mdogo wa mume wake, mwanamke mwembamba mwenye mdomo usiojua likizo. Nyumbani kwao tangu utotoni walimwita Redio. Alikuwa ameachika, akarudi kuishi kwa kaka yake katika chumba cha uani, na baada ya kukaa bila shughuli kwa muda akaamua kusomea uuguzi. Ila hakutaka kwenda peke yake.

"Wifi, utauza rangi mpaka lini?" alimwambia Shangazi. "Ukifa watakuzika na kopo."

"Mimi na vitabu tulishaachana zamani."

"Basi mrudiane. Watu wanarudiana, wifi. Isipokuwa mimi na yule wangu."

Mume wa Shangazi alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa maneno ya kuhesabu. Baraza ya nyumba yake ilijaa majokofu ya watu, yamesimama milango wazi kama wagonjwa wanaosubiri kutazamwa koo. Siku ile alicheka, jambo la nadra, akasema waende wote wawili, kwa kuwa mtoto wao wa pekee yuko shule ya bweni na nyumba haina wa kumlilia mtu. Labda huko chuoni, alisema, Redio atapata wa kumzima.

Shangazi alifeli jaribio la kwanza. Alikuwa amesoma kwa hofu, anapigia mstari kila sentensi, mpaka ukurasa mzima ukawa wa njano na hakuna kilichoonekana muhimu kuliko kingine. Mkufunzi wa anatomia, mama mfupi mwenye sauti kavu, alimwita mbele yetu.

"Ulisoma kweli?"

"Nilirudia mpaka kitabu kimechoka, mwalimu."

"Kitabu ndicho kilichochoka. Wewe hujaanza. Ukisoma leo ukurasa uliousoma jana, macho yanautambua, nawe unadhani unaujua. Yule unayepishana naye kila asubuhi njiani, unaitambua sura yake. Jina lake unalijua? Funga kitabu, ujiulize mwenyewe. Ukikwama, ndipo ufungue. Pale unapokwama ndipo panaposhika."

Wengine tuliandika maneno hayo, tukayasahau. Redio aliyachukua kama amri. Tangu wiki ile, kila alasiri wakitoka chuoni, wawili wale walijifungia jikoni. Mmoja alishika kitabu, mwingine aligeukia ukuta. Aliyeshika kitabu aliuliza, aliyegeukia ukuta alijibu, kisha wakabadilishana. Somo jipya liliulizwa kesho yake, likaachwa lipoe siku chache, likaulizwa tena, likaachwa wiki, kisha mwezi. Nyuma ya mlango wa jikoni Redio aliandika kwa chaki zamu ya kila sura kurudi. Hawakusoma kwa mpangilio wa kitabu pia. Redio aliweza kuruka kutoka kwenye figo kwenda kwenye vidonda, kutoka vidonda kwenda kwenye mimba, kwa makusudi kabisa. Alisema mtihani nao hauji umechanwa nywele.

Niliwahi kwenda kusoma nao alasiri moja. Niliwakuta Shangazi amesimama mbele ya ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa, na Redio amekaa juu ya kindoo, kitabu mapajani, anakoroga sufuria kwa mkono mmoja.

"Haya wifiii," aliuliza. Ndivyo alivyoanza kila swali, akiivuta ile sauti ya mwisho na kuipandisha. "Haya wifiii, nitajie dalili tano za sehemu ya mwili iliyoingiwa na maambukizi."

Shangazi akakuna shingo. "Wekundu... joto..."

"Usibahatishe. Sentensi yetu inasemaje?"

Shangazi akacheka, akaisema sentensi waliyoitunga kwa herufi za mwanzo za dalili zile: "Wifi, jitahidi usilale, mtihani karibu."

"Haya."

"Wekundu. Joto. Uvimbe. Maumivu. Kushindwa kufanya kazi."

"Umeona? Hata ukizeeka, ukasahau jina la kaka yangu, hiyo hutaisahau."

Walikuwa na sentensi kama hizo chungu nzima, nyingine huwezi kuzisema mbele ya mkufunzi. Mifupa ya mkono waliihusisha na majirani. Vali za moyo ndizo zilizomshinda Redio mwenyewe. Kila mara ya kulia aliipeleka kushoto na ya kushoto kulia, na Shangazi akimsahihisha alibisha kwamba moyo wake yeye umewekwa hivyo, ndiyo maana aliolewa na mtu yule. Lakini Shangazi alifaulu jaribio la pili, na la tatu, na mwaka wa mwisho ulipoanza, wale wawili walikuwa wanatuacha mbali. Shangazi aliniambia siri ya mambo yale ni kwamba hakukumbuka ukurasa hata mmoja. Alikumbuka sauti. Akiulizwa chochote, kichwani ilianza ile *haya wifiii*, na jibu likaja nyuma yake lenyewe.

Muhula wa mwisho walizidisha. Siku ambazo hakukuwa na vipindi walikaa jikoni tangu asubuhi mpaka jua linageuka, Redio juu ya kindoo chake, miguu imekunjwa. Ndipo mguu wa kushoto ukaanza kumsumbua. Alichechemea akienda kisimani, akasema umekufa ganzi kwa kukaa. Baadaye akasema shavu la mguu linauma kama limepigwa. Mama mkwe wa Shangazi, mama mzazi wa Redio, alikuwa amekuja kuwatembelea wiki ile, na yeye ndiye aliyetoa dawa ya kuchua kwenye mkoba wake.

"Mkande huyo mwenzako," alimwambia Shangazi. "Mnakaa kama kuku wanaoatamia."

Shangazi akauchukua ule mguu, akauweka mapajani, akaupaka dawa, akaukanda kwa nguvu kwa mikono yake ya kufungua makopo. Aliona umejaa kidogo kuliko mwenzake. Alihisi una joto, akadhani ni dawa. Na wakati anaukanda, Redio hakuacha kuuliza maswali, na Shangazi hakuacha kuyajibu. Alifanya hivyo siku ile, na siku iliyofuata.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Redio alikuwa uani akianika nguo. Shangazi alimsikia akisema, "Wifi, mbona pumzi..." Akatoka. Alimkuta ameketi chini kwenye maji ya kufulia, nguo bado iko mkononi, anatazama juu kama mtu anayetafuta neno. Walimkimbiza hospitali kwa gari la jirani. Hakufika mapokezi akiwa hai.

Daktari alimweleza Shangazi peke yake, maana mume alikuwa nje anapiga simu. Alimuuliza kama marehemu alikuwa na tatizo la mguu. Shangazi akasema ndiyo. Daktari akatikisa kichwa, akasema bonge la damu lilikuwa limeganda mguuni, likang'oka, likapanda mpaka kwenye mapafu. Hakumlaumu, hata hakujua ni mwanafunzi wa uuguzi. Shangazi alitoka pale, akamwambia mume wake, na mama mkwe, na wote waliouliza, neno moja tu: mapafu. Mapafu yalikata ghafla. Watu wakasema ni kazi ya Mungu, na mambo yakaishia hapo.

Kaburini, aliniambia, wakati wanaume wanafukia, kichwa chake kilikuwa kinarudia jambo moja bila kukoma. Wifi, jitahidi usilale.

Mtihani wa mwisho ulikuwa mbele yetu, zimebaki wiki chache. Shangazi alitaka kuacha. Mkufunzi wa anatomia alimwita ofisini, akampa kiti, akamwambia anaweza kuahirisha mwaka mzima, lakini alichokihifadhi miaka yote hii hakitamsubiri. Kitavuja. Shangazi akarudi nyumbani, akaingia jikoni, akafungua kitabu. Maneno yalikuwa kama mchanga, hayashikani. Akakifunga. Papo hapo, kwenye ukimya wa jikoni, ikaanza: *Haya wifiii.*

Alijaribu kuuliza maswali kwa sauti yake mwenyewe. Majibu hayakuja. Alijaribu kuyaandika kwenye karatasi tupu, kalamu ikasimama. Mwisho, kwa aibu, akiwa amegeukia ukuta, aliuliza kama alivyokuwa akiuliza Redio, kwa kuvuta na kupandisha, na jibu likatoka lote bila kukosea. Basi akaendelea. Alasiri nzima aliuliza kwa sauti ya marehemu na kujibu kwa yake.

Mume wake alikuwa barazani na jokofu la mtu. Shangazi alisikia chuma kikianguka sakafuni, kisha mlango ukafunguka. Mwanamume alisimama pale, bisibisi mkononi, anatazama kindoo kitupu.

"Uko na nani?"

"Peke yangu. Nasoma."

"Nimemsikia."

"Ni mimi, baba. Ndivyo tulivyokuwa tunasoma."

"Usifanye hivyo tena," alisema. "Nakuomba. Nimemzika mwenyewe, kwa mikono hii. Halafu nageuka, namsikia anacheka jikoni kwangu."

"Nisipofanya hivyo sikumbuki kitu."

"Basi usikumbuke."

Walikuwa hawajawahi kugombana hivyo. Shangazi akasema mtihani ule ulikuwa wa wote wawili, na kwamba yeye ndiye amebaki wa kuufanya. Mume akajibu kwamba kama ni hivyo heri asingewaruhusu kwenda chuo hata siku moja. Akarudi barazani, lakini hakugusa tena jokofu lile. Alikaa tu, anatazama barabara.

Aliyekata shauri ni mama mkwe. Tangu mazishi alikuwa hajaondoka. Alikuwa amehamia chumba cha uani, analala kwenye kitanda cha binti yake, na alizungumza kidogo sana. Kesho yake alasiri, Shangazi alipoingia jikoni kuosha vyombo, alimkuta mama yule ameweka kigoda nje ya mlango, kwenye kivuli, na ungo wa mchele mapajani.

"Leo hamsomi?" aliuliza.

Shangazi alidhani amesikia vibaya. "Mama?"

"Jana mlisoma vizuri. Soma, mwanangu. Huyo mume wako mwachie mimi."

Na kweli alimwachia. Sijui mama alimwambia nini mwanawe, lakini tangu siku ile, saa za kusoma zikifika, fundi aliweka vifaa vyake kwenye mfuko, akaenda kutengeneza majokofu huko huko kwa wenyewe. Jikoni walibaki wanawake: mmoja amegeukia ukuta, mwingine nje ya mlango anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Shangazi aliuliza na kujibu. Wakati mwingine, baada ya *haya wifiii* yenye kicheko ndani yake, alisikia ungo unasimama. Hakugeuka kutazama. Alijua yule mama anasikiliza binti yake, na alijua pia kwamba yeye mwenyewe anafanya hivyo hivyo. Zipo siku alizorudia sura ambayo zamu yake haikuwa imefika, kwa sababu tu ilikuwa na vichekesho vingi.

Darasani tulimwona anakonda. Macho yaliingia ndani. Ukikaa karibu naye maktaba ulimwona midomo inacheza, ikiuliza, ikijibu, na kuna wenzetu walihama meza. Mimi sikuhama, lakini siwezi kusema sikuogopa. Siku moja nilimsikia akinong'ona kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisikia darasani miaka yote ile, nikageuka kumtafuta Redio.

Kulikuwa na sura moja aliyoikwepa. Ilikuwa ya mishipa ya damu. Waliimaliza zamani, muhula uliotangulia, na walikuwa wameirudia mara kadhaa, wote wawili waliijua kama njia ya kwenda nyumbani. Nyuma ya mlango, kwa chaki ya Redio, zamu yake ilifika. Shangazi akasoma figo. Ilipofika tena, akasoma vidonda. Mtihani ukakaribia kabisa, na ilibaki hiyo tu.

Alasiri ile alifunga mlango wa jikoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mama aanze kuketi pale. Lakini mlango ule ulikuwa wa mbao nyepesi. Akageukia ukuta. Alitegemea labda kwa sura hii sauti itakataa. Haikukataa.

"Haya wifiii. Damu ikiganda ndani ya mishipa ya mguu, mgonjwa utamwonaje?"

"Mguu mmoja huvimba," alijibu. "Shavu la mguu linauma, hasa akisimama. Ngozi ina joto."

"Nani yuko kwenye hatari?"

"Anayekaa sehemu moja muda mrefu bila kunyoosha miguu."

"Hatari yake nini?"

"Bonge kung'oka na kwenda kwenye mapafu."

"Na muuguzi asifanye nini?"

Shangazi anasema jibu lilikuwa mdomoni, lilikuwa limerudiwa vizuri mno kiasi kwamba halikuwa na jinsi ya kubaki ndani. Likatoka lenyewe.

"Asiukande huo mguu."

Mlango ukafunguliwa taratibu. Mama mkwe alikuwa amesimama, na mchele ulikuwa umemwagika miguuni pake.

"Umesema nini mwisho?"

Shangazi alibaki amegeukia ukuta.

"Mwanangu, nakuuliza. Hayo mlikuwa mnayajua?"

"Tulikuwa tunayajua, Mama."

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Yeye ndiye aliyenifundisha." Akaanza kulia. "Tulikuwa tunayajua kwa ajili ya mtihani. Mguu ulikuwa mapajani kwangu na sikuuona. Alikuwa ananiuliza mambo ya ini."

Mama yule aliingia, akaketi juu ya kindoo. Alikaa pale kwa muda mrefu, mikono imening'inia kati ya magoti. Jua lilihama kutoka kwenye ukuta mmoja kwenda mwingine. Shangazi alisimama tu, hana pa kujiweka.

"Dawa niliitoa mimi," mama alisema mwishowe.

"Wewe hukujua, Mama."

"Na ninyi mlijua, na hamkujua." Akainua uso. "Angepona?"

Shangazi angeweza kusema hapana. Mtu yeyote angesema hapana. "Wakiwahi hospitali, wengi hupona."

Mama akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei asiyoiweza. Kisha akasema, "Rudia."

"Mama?"

"Yale ya mguu. Yarudie, na mimi niyashike."

Shangazi akayarudia, safari hii kwa sauti yake, imekauka. Mama akayasema nyuma yake. Alipokosea akasema tena. Alipoyapata yote, yakafuatana bila kukatika, akainuka, akaokota mchele punje kwa punje kwenye ungo, akaenda chumba cha uani. Asubuhi iliyofuata alikuwa amefunga mzigo wake. Aliagana na mwanawe. Kwa upande wa Shangazi, alimshika mkono, akaushika muda mrefu kidogo kuliko kawaida, wala hakusema kama amemsamehe au la. Kigoda alikiacha pale pale nje ya mlango, na hakuna aliyekigusa.

Jioni Shangazi alimweleza mume wake yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda barazani, akaanza kufunga milango ya majokofu, mmoja baada ya mwingine. Hakuwahi kulisema jambo hilo tena, si kwa hasira wala kwa upole. Ila alirudi kufanya kazi nyumbani, hata saa za kusoma. Shangazi alimwona mara moja kupitia dirishani, ameegemea jokofu kubwa, kichwa kimeinama upande wa jikoni.

Siku ya mtihani tulikuta ukumbi umepangwa kwa namba za usajili. Mawifi hawa walijiandikisha siku moja, kwa hiyo namba zao zilifuatana. Hakuna aliyekumbuka kuiondoa ya Redio. Meza ilikuwepo, mbele ya Shangazi, na karatasi ya maswali ikawekwa juu yake kama kwa mtu yeyote. Msimamizi alipogundua, aliinyanyua ile karatasi, akatazama huku na huku, akaiacha meza.

Nilikuwa safu ya pili. Nilimwona Shangazi ameinama anaandika tangu mwanzo hadi mwisho, bila kunyanyua uso. Baadaye aliniambia alikuwa anaandika kama karani anayesomewa. Maswali yalichapwa kwenye karatasi, lakini kila moja lilimfikia kwa ile sauti, kutoka kwenye meza ya mbele. Swali la vali za moyo lilikuwepo. Sauti ikampa jibu, na ilikuwa imegeuza kushoto na kulia, kama kawaida yake. Shangazi alijua. Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Mara zote alikuwa amemsahihisha, na mara zote walicheka.

"Sasa ukaandikaje?" nilimuuliza.

"Nikaandika la wifi yangu."

Alifaulu hata hivyo, na vizuri. Mume wake alikwenda naye kuchukua cheti, amevaa shati lililopigwa pasi, akapiga picha naye langoni. Tulipangiwa wodi moja, yeye na mimi, na huko ndiko alikonisimulia haya, kidogo kidogo, tukikunja mashuka. Wagonjwa walimpenda na kumwogopa. Alikuwa na tabia ya kufunua shuka upande wa miguu kabla hata ya kusalimia.

Sauti haikumwacha kwa muda mrefu. Alisema ni kosa la ile njia yao ya kusoma, iliyotengenezwa ili kitu kisitoke. Akipima joto la mtu, akihesabu matone ya dripu, ilikuwepo, inauliza. Hakuona raha, lakini hakutaka iondoke. Mama mkwe alikuwa anampigia simu, kila baada ya muda. Walikuwa wanaongea habari za mvua na afya, kisha mama anauliza, karibu kwa kunong'ona: "Bado unamsikia?"

"Ndiyo, Mama. Bado."

"Haya. Msalimie."

Kisha simu inakatwa.

Mchana mmoja, wodi imejaa, mwanafunzi mpya alinikwamisha kwa swali kuhusu sumu ya dawa fulani kwenye figo. Nikamgeukia Shangazi, nikamuuliza. Alinijibu hapo hapo, kwa ufasaha, akiwa anafunga bandeji, nami nikamshukuru nikaenda zangu. Nilipopita tena nilimkuta amesimama pale pale na bandeji mkononi, mgonjwa anamtazama kwa wasiwasi.

"Shangazi, vipi?"

"Limekuja kwa sauti yangu," alisema.

Sikumwelewa mara moja. Alijaribu siku ile, na siku zilizofuata, kuliuliza swali lile lile kwa ile namna ya kuvuta na kupandisha. Maneno yalikuja, lakini aliyekuwa anayasema ni yeye, mtu anayemwigiza mtu. Akajaribu mifupa. Akajaribu mimba. Moja baada ya jingine yalikuwa yamehamia kwake, kwa matumizi ya kila siku. Alilia kwenye chumba cha mashuka, mlango wazi, bila kujali nani anapita.

Nilidhani labda ndiyo atapumzika sasa, na nikamwambia hivyo. Alinitazama juu ya miwani mpaka nikanyamaza.

Juzi tulikuwa tunakunywa chai chumba cha wauguzi, simu yake ikaita. Walizungumza habari za mvua. Walizungumza habari za goti la mama, na Shangazi akamuuliza maswali mengi ya uvimbe na joto, moja baada ya jingine. Kisha akasikiliza, na nikajua ameulizwa nini. Alitazama kikombe chake.

"Ndiyo, Mama," alisema. "Hata leo asubuhi."